'Mapoloko Sekhesa na Mtama wa Mlimani

Marehemu 'Mapoloko Sekhesa alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Mafeteng, binti wa tatu wa baba yake, Ntate Lebusa. Kule bondeni mtama unakubali, na uji wake mchachu ndio uliomkuza. Alianza shule mwaka 1959, akaiacha darasa la nne baba yake alipoumia mgodini. Mwalimu alikiri kwamba darasa lilipoa, maana maswali ya binti yule yalikuwa yanamaliza kipindi kizima.

Tarehe 4 Julai 1970 aliolewa na Ntate Tšeliso Sekhesa, akapanda naye huku milimani, Mokhotlong. Mume alimpenda, ila uji haukuwepo. Mtama huku huuawa na jalidi ya Machi, umande unaoganda, kabla haujakomaa.

Mwaka 1986, akiwa mpishi wa shule, alipanda mistari miwili nyuma ya zizi. Ukafa. Akapanda tena. Bwana shamba akamwambia, "Mama, huku juu mtama hauwezi."

"Hauwezi, au hakuna aliyeusubiri?"

Hakutulia. Chungu kiliungua jikoni yeye yuko shambani anahesabu majani. Jalidi ya 1991 ilipokaribia, alikusanya blanketi zote za nyumba akafunika mimea, hata ile ya harusi ya mumewe.

"Sasa mimi nijifunike nini?" Ntate Tšeliso akauliza.

"Wewe una damu moto, ntate. Hii haina."

Asubuhi mtama wote uliofunikwa ulikuwa hai, naye akaita majirani waje waone. Lakini pembeni, ambako blanketi hazikufika, mashina mawili nayo yalikuwa yamesimama. Aliyatazama, akawaacha majirani wanapiga makofi peke yao. Kumbe blanketi zililea mimea minyonge, na iliyo imara ilijisimamia yenyewe. Tangu siku hiyo hakufunika tena. Alichukua mbegu za mashina yaliyopona tu, akaandika siku na baridi nyuma ya kalenda kuukuu. Miaka saba ya kwanza hakupata zaidi ya mbegu chache za kupanda tena, kisha mashina yaliyopona yakaongezeka polepole. Walipomwita Mama Jalidi, aliitika. Walipomuuliza kwa nini haachi, alisema, "Nikiacha nitakuwa nawaza nini?"

Januari mwaka huu alikutwa na saratani ya ini. Mwezi wa Mei mashina yake yalikomaa yote, kwa mara ya kwanza, na mbegu zake zikajaa kopo moja. Kwetu marehemu hushuka kaburini na mbegu, na wifi yake, 'Mathato, alishaliweka kopo lile tayari.

"Wifi, nishushe na mtama wa Mafeteng," mgonjwa alisema. "Huu ubaki."

"Uwaendee wazee waliotangulia na mtama wa kununua? Utatuaibisha!"

"Nitawaambia wa kwangu bado nauchunguza. Mwaka mmoja si jibu."

'Mathato alilia, akakasirika, akalificha kopo siku tatu. Marehemu alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Juni 2019, kabla hajaambiwa liko wapi.

Ameacha mume, watoto wawili, Poloko na Reentseng, wajukuu wanne, na wifi yake. Jana 'Mathato amelileta kopo mwenyewe. Leo, baada ya kunawa mikono mtokapo makaburini, atampa kila mama wa nyumba kijiko kimoja. Upandwe Oktoba. Utakaokufa, andikeni siku uliyokufa, mje mseme; alitaka kujua.

Mungu ampe pumziko, hata kama atalihangaikia.