Umri wa Mawe ya Baba

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Taasisi, waheshimiwa maprofesa, ndugu wageni mliotoka Naryn na Talas, wanafunzi wetu wapendwa, na wewe Dada Burulkan tunayekuaga leo: nawasalimu kwa heshima.

Wengine wamekwisha kumsifu Dada kwa maabara aliyoipigania na vijana aliowalea. Mimi nitasema yaliyotokea nyumbani kwetu, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikimimina chai.

Baba yangu, marehemu Profesa Imankul, alikuwa mwalimu wake. Maisha yake yote alifundisha kwamba mawe ya safu yetu ya milima ya Tien Shan yalipikwa na kugeuzwa chini ya ardhi miaka bilioni mbili iliyopita. Nani angethubutu kumpinga? Taasisi ilikuwa ikijiandaa kumtunuku nishani kwa kazi hiyohiyo. Ndipo Dada, akipima jinsi madini ya urani yanavyogeuka madini ya risasi polepole ndani ya punje za mawe yale, akapata miaka milioni mia tano tu. Wenzake walimsihi anyamaze mpaka sherehe ipite. Akapanda basi, akaja kwetu.

Alisema kabla hata ya kumega mkate. "Mwalimu, ulipima viini vya punje. Vile ni mchanga wa milima mingine, iliyomomonyoka zamani. Ganda la nje ndilo lililoota mawe yetu yalipopikwa, nalo ni changa."

Baba akauondoa kwa kijiko utando wa maziwa juu ya chai yake. "Umekuja kuniomba ruhusa?"

"Hapana, Mwalimu. Nimekuja usije ukayasikia kwa watu."

Baba akatoka kwenda kwa farasi wake, wala hakumuaga.

Dada alichapisha matokeo yake. Nishani haikutolewa, na humu ndani wapo walioacha kumsalimia. Je, alijitetea? Kila kiangazi alirudi mlimani kuchukua mawe mengine, akapima tena.

Miaka ikapita. Nilipomaliza shule nikamwambia Baba nataka kusoma miamba, nikitarajia anipeleke kwa rafiki zake. Alikuwa anasugua tandiko, hakuinua uso.

"Nenda kwa Burulkan," akasema. "Rafiki zangu waliyajua matokeo yake, wakaninyamazia. Yeye alikuja akaniambia usoni."

Dada, maneno hayo Baba hakuwahi kukutamkia, maana alikuwa mtu mgumu. Leo nimekufikishia, mbele ya watu wote hawa.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.