Matapishi ya Kijani: Risala ya Bibi Waogesha Watoto wa Nkwaesua

Mgeni rasmi, Mama Mkurugenzi wa Afya, kitendawili! Nyumba yangu mpya, mlango wa mbele upo, wa nyuma upo, lakini chakula kikiingia hakipiti. Usihangaike kutafuta mji wa kutupa. Ni mtoto aliyezaliwa utumbo umeziba.

KARIBU
Maji ya kunywa umeshapewa, sasa tukupe habari.

TULIKOTOKA
Sisi ndio tunaoogesha vichanga vya mji huu, kama mama zetu. Mtoto asipopata choo tulijua dawa moja: bomba la mpira la kumtilia maji ya tangawizi njia ya haja kubwa. Mwaka juzi mwenzetu Eno Dufie alimwogesha mjukuu wake, Abena. Mtoto akatapika kijani kibichi kama mchuzi wa majani ya kontomire. Eno akampiga bomba. Choo hakikutoka, matapishi yakazidi. Alipofikishwa hospitali amenyauka, Dokta Asabea aliuliza, "Eno, kijani kilianza lini?"

Eno Dufie akatazama sakafu. Muuguzi akadakia, "Hawa vikongwe na mabomba yao!" Swali likabaki papo hapo.

TULIYOYAONA
Picha ilionyesha mapovu mawili ya hewa tumboni, chini yake hakuna kitu. Wakamtundikia maji, wakapitisha mpira puani kulipunguza tumbo. Kesho yake Dokta akampasua, akaunganisha utumbo wa juu ya kizibo na wa chini yake. Siku ya sita Abena akachafua nepi. Mama, ile nepi tuliichezea ngoma koridoni!

"Iwekeni chini, inanuka!" muuguzi alifoka, naye anacheka.

Abena ndiye yule anayewaibia wageni kenkey, madonge yetu ya unga wa mahindi.

KIKWAZO NA OMBI
Tangu kisa kile cha bomba tumepigwa marufuku wodi ya wazazi. Hatubishi, bomba lilikuwa kosa, mabomba tumeyatupa yote. Lakini mzazi akirudi nyumbani, mikono ya kwanza kumvua mtoto nguo ni yetu. Tufungulie mlango, Dokta atufundishe: kijani ni mbio hospitali, hata kama ni mara moja tu. Tena tufundishwe bila kufokewa. Anayeogopa kufokewa huficha, na kichanga hakingoji.

Mungu akupe mikono ya kupokea na moyo wa kusikia. Ni sisi, Bibi Waogesha Watoto wa Nkwaesua.

Ukijiuliza utuamini vipi, Eno Dufie huyu hapa amesimama, anamtazama Dokta Asabea.

"Dokta, mwanangu, kile kijani kilianza Jumanne ile ile aliyozaliwa. Nilikificha siku tatu."