Mama Umelifungua na Harusi Iliyokosa Bibi Harusi

Tarehe 30 Juni, Mama Umelifungua anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika chumba chetu cha majaribio ya programu, kile cha mwisho wa korido chenye kiyoyozi kinachokohoa. Jina alilopewa na wazazi liko kwenye kadi yake ya kazi. Hili tulimpa sisi, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba faili limenakiliwa asiulizwe kama amelifungua.

Alianza na kanda za sumaku. Mafaili yalipohamia kwenye hifadhi ya wingu, alihama nayo bila kununa. Alijaribu maktaba za programu, yaani misimbo iliyoandikwa tayari, ambazo wateja huzitumia kunakili mafaili makubwa: maktaba hulikata faili vipande, huvituma kimoja kimoja, kisha huviunga upande wa pili. Sisi tuliridhika na ujumbe wa kijani kwamba kazi imefaulu. Yeye wapi! Faili lake la majaribio lilikuwa video ya harusi ya kitindamimba wake, ndefu kama kikao cha bajeti, na kila nakala aliitazama yote huku akinywa chai. Tulimcheka sana. Mhasibu wa chumba cha pili alishakariri hotuba zote, na mpaka leo anadai kipande chake cha keki.

Ikaja wiki ya hospitali. Mteja huyo alitaka kuhamisha picha zote za eksirei za wagonjwa, kisha afute za zamani. Ukubwa wa mafaili ulilingana, kijani kikawaka, meneja akaagiza soda za kupongezana. Mama akagoma kutia saini. Katika nakala yake ya harusi, iliyopitishwa kwenye maktaba ile ile, mjomba alihutubia mara mbili na bibi harusi hakuingia ukumbini kabisa. Mtandao ulikuwa umekatika, na maktaba iliporudia kutuma, ikaweka kipande kile kile mahali pa kinachofuata. Meneja alifoka, akatazama, akasimamisha kazi. Kasoro ikarekebishwa, na hakuna mgonjwa aliyepoteza picha yake. Siku hizi meneja ndiye anayetuhubiria kwamba haraka haraka haina baraka, utadhani msemo kautunga yeye.

Baadaye tulimuuliza aligunduaje upesi vile. Akasema kipande kilichopotea ndicho ambamo marehemu mumewe anaingia na binti yao mkononi, akitembea taratibu kwa sababu viatu vipya vinambana. Kila faili lina mtu wa kulililia, alisema, hata kama sisi hatumjui. Kisha akapuliza chai yake, akaendelea na kazi. Tangu hapo hatukumcheka tena, ila kuhusu keki.

Mama, ahsante kwa ukaidi wako. Tutakukosa kweli kweli. Pumzika, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Zawadi yetu ni nakala ya harusi ile, iliyopitishwa kwenye maktaba mpya. Na kabla hujauliza: tumelifungua. Tulikaa wote, meneja na mhasibu wakiwemo, tukatazama mpaka mwisho. Mzee anaingia na bintiye, na viatu bado vinambana.