Nyumba ya Bibi Mwaisha Haiwaki

Benchi la mtaa wa Mafiga, chini ya milima ya Uluguru, nje ya fremu ya fundi cherehani Halidi, ni ubao mmoja wa mninga uliolazwa juu ya injini mbili za magari zilizokufa zamani. Ukilikalia vibaya linakuchana suruali, na Halidi hana haraka ya kulirekebisha, maana suruali hiyo itaingia kwake kushonwa. Kila baada ya swala ya alasiri Kibwana muuza kahawa hutua hapo na birika lake na jiko la mkaa, anagonga vikombe, na wabunge ambao hawakupigiwa kura na mtu wanaanza kikao. Halidi wanamwita Futi, kwa ile futi ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake mpaka msikitini. Mzee Abdulmajid, mstaafu wa reli pale Ngerengere, anaitwa Behewa, kwa sababu maneno yake yakianza kupita lazima usimame usubiri yaishe ndipo uvuke. Na Deogratias, muuza chaja na kava za simu, baba mwenye watoto na kitambi, anaitwa Chaji: mletee ugonjwa wowote, hata wa tumbo, atakwambia ni chaji.

Siku hizi mchezo wao wa drafti umesimama. Ubao wake umegeuzwa meza. Juu yake imekaa laptopu, na ubavuni mwa laptopu kuna boksi jeusi ukubwa wa tofali la kuchoma, na kati yao waya mmoja mnene kama kitovu.

— Leo inawaka, alisema Chaji, akisugua viganja. — Nimeota.

— Juzi pia uliota, alisema Kibwana.

— Juzi niliota nusu, nikaamshwa.

Halidi hakucheka. Alivuta waya wa umeme kutoka ndani ya fremu, akachomeka, akaweka kidole juu ya swichi. Kidole hicho kimetunga uzi kwenye sindano tangu ujana bila kukosa tundu. Sasa kiliikosa swichi, kikarudi.

Ndani ya laptopu ile kuna nyumba. Ni ya Bibi Mwaisha, mama yake Halidi, iliyokuwa Mgeta, huko juu milimani, kwenye mteremko ambao ukidondosha karoti unakwenda kuiokota kwa jirani. Raya, binti yake Halidi, alilelewa humo na bibi yake mpaka akaenda chuoni kusomea kuchora majengo. Bibi alipofariki, Raya aliazima futi ya baba yake akaipima nyumba ukuta kwa ukuta, na Halidi akahisi jambo baya: mtoto anapima ili adai. Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama, na Raya ni wa ukoo wa mama yake, si wa Bibi Mwaisha. Halidi ndiye mjomba, na mjomba ndiye msemaji. Akakaa mbele ya ukoo akatamka kwamba nyumba ni ya Abuu, mtoto wa dada yake. Mila ikatimia, watu wakala pilau, na Raya akaondoka bila kumaliza sahani. Akaenda kufanya kazi Mwanza. Tangu hapo salamu zao zikawa za Idi hadi Idi.

Kisha Abuu, kijana asiye na ubaya wowote, akaibomoa ile nyumba ya udongo ajenge ya bloku, yenye madirisha ya alumini. Halidi ndiye aliyemkabidhi, sasa amzuie? Angeanzia wapi? Habari zikafika Mwanza, na haukupita muda kikaja kifurushi kwa basi: laptopu, lile boksi, na kwenye simu ujumbe mmoja. "Baba, nyumba iko humo. Hii haina ukoo."

Laptopu peke yake inawaka vizuri tu. Ila ukiigusa nyumba ifunguke, inakataa, inaandika kwamba kadi ya picha haionekani. Kadi yenyewe imo ndani ya boksi jeusi. Nyumba hiyo, ambayo Raya ameichora ili mtu aingie atembee ndani yake, ni nzito, laptopu haiwezi kuichora bila kusaidiwa. Haya, saidia basi! Unaunganisha boksi, unabonyeza swichi, nembo inatokea, feni zinavuma kama upepo wa mlimani, moyo wa Halidi unapanda Mgeta bila kupumzika njiani, halafu kioo kinakuwa cheusi. Cheusi kama kahawa ya Kibwana.

Akabonyeza. Nembo. Feni. Kiza.

— Chaji, alisema Chaji.

— Imejaa chaji, alisema Halidi. — Jana ulisema imezidi, tukaipunguza.

— Basi mchanganyiko. Imejaa ya Mafiga, na boksi lina ya Mwanza. Hazijaelewana.

Mzee Behewa alikohoa. Kikohozi cha Behewa ni ile filimbi ya treni. Ukiisikia, kaa pembeni.

— Nyinyi hamjavuta mzigo, alianza. — Mimi nimevuta. Kichwa kidogo cha treni, mabehewa mengi, mlima mbele. Kichwa kinaunguruma vizuri, kinatoa moshi wa heshima, lakini hakiendi. Tulikuwa tunafanya nini? Tunaleta kichwa kingine kisukume nyuma.

— Mzee wangu, boksi ndilo hicho kichwa kingine, alisema Halidi.

— Aa. Sasa mmelifunga wapi?

— Ubavuni.

— Ubavuni! Behewa alimgeukia Kibwana kama hakimu. — Umewahi kuona treni inasukumwa ubavuni?

Wakalihamisha boksi nyuma ya laptopu. Halidi alijua ni upuuzi, lakini mtu mwenye hamu akiambiwa asimame kwa mguu mmoja atauliza tu ni upi. Akabonyeza. Nembo, feni, kiza.

— Imezoea hewa ya ziwa, alisema Behewa bila aibu. — Toka Mwanza mpaka hapa, kifua lazima kibane.

— Tuiwekee sahani ya maji? aliuliza Kibwana.

— Ya maji na dagaa kidogo, alisema Chaji. — Ijisikie nyumbani.

Walicheka mpaka benchi likalia. Halidi alicheka kwa mdomo tu. Macho yake yalikuwa juu, kwenye Uluguru, ambako wingu lilikuwa limeshuka likafunika njia ya Mgeta kama shuka lililovutwa hadi kidevuni.

— Mimi nina langu, alisema Kibwana, na kwa sababu Kibwana ana birika, watu wakanyamaza. — Hii mashine mmeielekeza wapi? Mmeielekeza Dar es Salaam! Nyumba ni ya Mgeta. Utaitaje mtu huku umempa kisogo?

Chaji aliutazama mlima, akaitazama laptopu.

— Kuna kitu hapo, alisema Chaji. — Hata dishi la televisheni unalielekeza.

Watu wazima wakasimama. Wakaligeuza benchi, wakalihamisha jiko, wakaigeuza laptopu ikautazama mlima uso kwa uso. Halidi, Mungu amsamehe, akakipangusa kioo kwa kipande cha kitenge cha mteja. Kwa sababu hata yeye aliiona nyumba, pale pale, kabla ya kubonyeza: mlango uliopinda juu kidogo upande wa kulia, kizingiti kilicholika katikati, ufa wa ukutani uliokata kona kama njia ya kwenda Nyandira, na mama yake ndani akiuliza nani huyo anayekanyaga kama punda.

Bismillahi. Akabonyeza.

Nembo ikakaa. Ikakaa zaidi ya siku zote. Chaji alishika bega la Behewa, Behewa alishika kikombe kisicho chake.

Kiza.

— Sasa nimeelewa, alisema Behewa polepole, na safari hii hakukohoa. — Mashine ni nzima. Boksi ni zima. Inaitafuta nyumba, Futi. Inapanda mpaka Mgeta, inafika pale pale, inakuta bloku za Abuu. Itaonyesha nini?

Chaji alifungua mdomo aseme chaji, akaufunga. Kibwana alichochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa. Halidi alishika futi yake shingoni kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kitu kisidondoke. Ule ulikuwa ujinga, alijua ni ujinga, lakini ulikuwa umeingia mahali ambapo kweli huingia.

— Hodi hapa! Sare zetu za kwaya, Baba Raya!

Alikuwa mama mmoja wa makamo, kikapu cha njegere mkononi, kanga mbili na sweta la baridi ya mlimani lililoshangaa joto la mjini.

— Karibu, Mama Scholastika, alisema Halidi akiinuka haraka. — Sare bado mikono.

— Mwezi uliopita zilikuwa bado mikono. Tutaimba tumevaa vizibao?

— Shikamoo mama, alisema Chaji akimpisha.

— Marahaba mwanangu. Mnafanya nini mmezunguka kama mnachinja?

Wakamweleza wote kwa pamoja. Chaji akaleta umeme, Behewa akaleta treni, Kibwana akaleta dishi. Scholastika alikuwa jirani wa Bibi Mwaisha kule Mgeta, zile karoti zilizodondoka alikuwa akiziokota yeye. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiangalia laptopu, akaliangalia boksi, akamwangalia Halidi.

— Raya anasemaje?

— Kuhusu nini? aliuliza Halidi.

— Si yeye aliyeitengeneza? Mlipompigia amesemaje?

Chaji alimtazama Behewa. Behewa alimtazama Kibwana. Kibwana alilitazama birika, na birika halikuwa na wa kumtazama. Wamegeuza benchi, wamegeuza boksi, nusura waite mtu wa kusoma dua, na swali hilo halikuwahi kukaa pale kunywa kahawa.

— Mtoto ana kazi nyingi, alisema Halidi.

— Nimeuliza anasemaje, sikuuliza ana kazi gani.

Halidi alikaa. Angemwambiaje huyu mama kwamba kila siku anakifikia kitufe cha kupiga, anarudi? Kwamba kumpigia Raya kusema nimeshindwa kuingia kwenye nyumba ni kusema pia ni nani aliyemtoa? Bora kiza cha laptopu. Hicho kina sababu za kiufundi.

Scholastika alinyoosha mkono.

— Lete simu.

— Nitapiga mwenyewe.

Aliweka spika, kwa sababu kwenye benchi lile hakuna siri, na kwa sababu alihitaji mashahidi asije akakata. Simu iliita. Ikaita.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, mama. Halidi aliisogeza simu kwenye boksi. Feni zake zilikuwa bado zinavuma.

— Ndiyo hiyo inavuma hivyo? aliuliza Raya.

— Ndiyo. Inavuma, halafu kiza.

— Muulize kuhusu ziwa, alinong'ona Behewa. Scholastika alimpiga kiwiko.

— Baba, boksi unalichomeka saa ngapi? Kabla ya kuwasha?

— Kabla, naam. Tunaunganisha kila kitu kwanza, ndipo tunawasha. Wote wawe ndani, wamekaa.

Upande wa Mwanza kulisikika kitu kama kicheko kinachojaribu kujizuia.

— Sasa baba, unamwingiza mgeni chumbani mwenye nyumba bado amelala, hajavaa. Itakosaje kugoma? Chomoa waya. Iwashe peke yake. Iache iamke mpaka itulie kabisa. Ndipo mgeni abishe hodi.

— Hodi! alisema Chaji kwa uchungu. — Tumeligeuza benchi zima kwa ajili ya hodi!

Halidi aliizima laptopu, akachomoa ule waya mnene. Akawasha. Laptopu ikaamka, ikajinyoosha, ikatulia. Akachomeka waya polepole, kama anavyopitisha uzi mweusi wakati mwanga unakwisha. Kioo kikacheza mara moja. Kisha kikarudi, kimetulia, cheupe. Raya akamwelekeza pa kubonyeza.

Nyumba ikaja kutoka chini kwenda juu: kwanza ngazi za mawe, kisha ukuta, kisha ufa, kisha paa la bati lenye kutu upande wa mvua. Mlango umepinda juu kidogo, upande wa kulia.

— Yesu na Maria, alisema Scholastika, akaweka kikapu chini. — Kinu chake hicho. Na ule ufagio nyuma ya mlango.

— Mlango umepinda, alisema Chaji. — Fundi alikosea?

— Haukukosewa, alisema Halidi. — Uko hivyo.

— Mbona jikoni hakuna moshi? aliuliza Scholastika. — Saa hizi Mwaisha ameshawasha.

Wote waliigeukia simu.

— Moshi ulinishinda, mama, alisema Raya. — Nilijaribu sana. Kila nikiutengeneza unafanana na wa bodaboda. Nikaona bora niache, kuliko kumwekea bibi moshi wa bodaboda.

Kibwana alijipangusa jicho akasema ni mkaa. Alilielekeza birika kwenye kikombe cha Behewa. Yakatoka matone, yakatoka machicha, halafu hewa. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyeinuka.

— Futi yako ilisaidia, baba, alisema Raya. — Kila ukuta nimeupima kwa hiyo.

— Nilidhani... alianza Halidi.

— Najua ulichodhani.

Wingu lilikuwa limeanza kuachia Uluguru. Mshale wa laptopu ulikuwa umesimama kizingitini, kwenye ile sehemu iliyolika katikati, ukimsubiri. Halidi alikuwa na kidole juu ya kitufe na hakubonyeza. Kuna nyumba ambazo huwezi kuzifungua tu kwa kuwa umeelekezwa.

— Hodi, alisema.

Simu ikanyamaza mpaka Chaji akadhani chaji imekwisha.

— Karibu, baba, alisema Raya. — Ila vua viatu. Bibi ametoka kufagia.

Na Halidi, mbele ya kijiwe kizima na mteja wake wa kwaya, akainama akavua kandambili, akazipanga pembeni ya benchi, ndipo akabonyeza.