Mpaka wa Mjane na Damu ya Bwana

Bwana Yesu atukuzwe, ndugu zangu, na atukuzwe tena! Mimi ni Mama Bahati, mkaaji wa Murara hapa Goma. Shuleni sikuingia hata siku moja. Mjukuu wangu Neema ndiye anayeandika, nami nimemwonya asipunguze neno wala asililainishe. Niliyoyatenda yaandikwe kama nilivyoyatenda.

Kabla ya vita nilikuwa mkulima kwenye vilima vya juu ya mji wa Kiwanja. Shamba langu lilipakana na la mjane mmoja, Mama Riziki. Kati yetu ulisimama mmea wa mpaka, uliopandwa na wazee wetu, ambao mtu mwenye heshima haugusi hata kwa ncha ya jembe. Mimi niliugusa! Mume wa yule mama alipokwisha kuzikwa, niliung'oa, nikaupanda hatua tatu ndani ya udongo wake. Aliposhtaki, wazee walikuja. Nikashika udongo mkononi, nikaapa kwamba mpaka haujasogea tangu siku za baba mkwe wangu. Wakaniamini, kwa maana nilikuwa mwanamke wa kuheshimiwa. Msimu ule wanawe walikuja kuokota maharage yaliyosalia katika zile hatua tatu, nami nikawafukuza kwa fimbo.

Kisha vita vikatufukuza sisi sote. Tulilala chini ya mahema katika kambi ya wakimbizi kule Mugunga, yeye na mimi, na baadaye Mungu akatupatia vyumba Murara, na kanisa moja. Alikaa benchi la mbele yangu. Kila Jumapili nilitazama kisogo chake! Na ilipoandaliwa Meza ya Bwana, niliinuka nikatoka nje, nikisema tumbo linaniuma. Miaka mingi tumbo liliniuma, ndugu zangu, lakini siku za Meza tu.

Nikajiambia: nitajisafisha mwenyewe. Tulipoanza kujenga kanisa jipya, kila nyumba iliombwa kuleta mawe ya volkano kwa ajili ya msingi. Wengine walileta machache, wakaenda zao. Mimi nilibeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso, asubuhi na alasiri, hata vijana wakanitania: "Mama Bahati, utamaliza mulima yote!" Sikucheka. Kila jiwe nilimwonyesha Mungu: tazama, hili nalo, je, halijatosha? Na moyo wangu ulinijibu: halijatosha.

Siku ya kuweka wakfu jengo lile, mchungaji alifundisha jinsi kuhani wa zamani alivyoweka mikono juu ya kichwa cha mnyama, akaungama makosa ya watu, na damu ikafanya upatanisho. Mimi nimefuga mbuzi, nawajua. Mbuzi hukokotwa kwa kamba akilia. Lakini Bwana wangu hakukokotwa! Alikuja kwa hiari yake, akizijua zile hatua tatu, akikijua kiapo changu, akajitwika vyote. Ndugu zangu, nilikuwa nikimletea Mungu mawe, naye alikwisha kumtoa Mwanawe!

Mafundisho yalipokwisha, waliniita mbele wanivike kitenge cha heshima kwa kazi ya msingi. Na ni nani aliyechaguliwa kunivika? Mama Riziki! Akanifunga kitenge mabegani, wamama wakapiga vigelegele. Sikuweza tena. Nikakifungua, nikamrudishia mikononi, nikasema mbele ya wote: "Mpaka niliusogeza mimi. Niliapa kwa uongo."

Mama Riziki akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mama Bahati, ulizani sikujua? Mumea wenyewe uliupanda vibaya, ukanyauka upande moja! Siku zote nilikuwa ninangoja kinywa yako."

Nikamjibu kwamba shamba lile siwezi kumrudishia, maana hata mimi silifikii tena.

"Sikuombi shamba. Bwana alikufa juu ya zambi hii. Mimi ni nani nikatae damu yake? Lakini batoto wangu uliowafukuza na fimbo, uende kwao wewe mwenyewe, mumoja mumoja."

Nilikwenda. Ni wanne, watu wazima sasa. Nilipiga magoti mbele ya kila mmoja, mimi ambaye sikumpigia goti hata mama mkwe! Sikwenda ili nisafishwe. Nilikwenda kwa sababu nimesafishwa. Shikeni tofauti hiyo, ndugu zangu, nisiirudie.

Jumapili iliyofuata Meza iliandaliwa. Sikutoka. Mama Riziki akapokea sahani ya mkate, akageuka, akaninyooshea.

"Kula, mama. Ama tumbo inauma tena?"

Nikala! Haleluya, nilikula!

Watu husema mimi ni mwanamke mwenye kujivuna. Wamesema kweli, nami sitapunguza hata kidogo: najivunia msalaba wa Bwana wangu, najivunia damu iliyonipatanisha na Mungu na kuniketisha pamoja na niliyemdhulumu. Asante, Yesu, hukunikataa! Nawe unayesomewa maneno haya, unayetafuta kisingizio cha kutoka nje, acha. Litaje kosa lako kwa jina lake. Mwamini Yeye aliyekufa mahali pako. Kisha kaa, mkate unakuja upande wako.