Toa Pumzi, Mzee Kabali

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuwabana watu wasiomkosea lolote, Mzee Kabali anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Wenye mapaja, shukuruni.

Uongozi umeniomba niandike wasifu wake, na umenisihi nitumie lugha ya staha. Nimesikia. Lakini wasomaji wa jarida hili wanaukumbuka wasifu wa mwisho uliotoka humu, wa yule keshia tuliyeambiwa alikuwa "nguzo na dira ya bustani yetu", ilhali sote tulimjua kwa kukoroma nyuma ya kioo huku foleni imefika getini. Nguzo labda, maana nguzo nayo haiamki. Mzee Kabali hataandikiwa uongo wa namna hiyo. Kwanza hastahili, pili ataniumbua mbele za watu.

Kwa walioajiriwa juzi, kazi yake ilikuwa hivi. Katika bustani yetu hii ya michezo, treni ya kupinduka hupanda kilima cha chuma polepole ikilalamika, ikifika juu inaachiliwa, na kuanzia hapo kila abiria humkumbuka mama yake. Kinachomzuia mtu asibaki hewani treni ikishuka ni chuma kimoja kinene kinacholala juu ya mapaja, chini ya tumbo. Hushuka jino kwa jino, na kila jino likishika hulia "tak". Mzee Kabali alipita behewa kwa behewa, akasukuma kila chuma kwa mkono wake, akakivuta juu kuona kama kitarudi, kisha akaniinulia kidole gumba. Mimi hukaa kwenye kibanda cha vioo mwisho wa jukwaa na hubonyeza kitufe. Bila gumba lake sibonyezi, aje nani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kukitazama kidole cha mwanamume mmoja, na kidole chenyewe kina ukucha mbovu.

Alianza kama mtu wa kupaka reli grisi. Akapandishwa cheo kwa sababu ile ile inayowapandisha wengi, yaani mkubwa wake alitaka asimwone. Fundi mkuu wa wakati huo alichoka kubishana naye kila asubuhi kuhusu grisi, akamtupa jukwaani ambako hakuna grisi. Huko ndiko alikojigundua kuwa mfalme.

Alikuwa na falsafa yake, na aliitangaza hata kwa asiyeuliza: kinachouma ndicho kinachoshika. Hakusukuma chuma kwa mkono tu, alikipigilia kwa goti. Abiria akiguna, yeye alitabasamu. Akilia, alimwambia starehe iko nyumbani kwenye kochi, hapa pana usalama. Watu walishuka wakitembea kama wametoka kukopa miguu. Ndio hao waliompa jina la Kabali, kwa sababu walisema wameona kabali za shingo vichochoroni, ila ya tumbo wameionea kwetu. Mtu mwingine angeona haya. Yeye alilichora jina hilo kwenye kikombe chake cha chai.

Sanduku la maoni lilijaa hadi likaacha kufungika. Uongozi ulifanya kile uongozi hufanya siku zote, ukaunda kamati. Kamati ikakaa, ikanywa soda, ikaamua kwamba wateja wanapenda usalama. Karatasi zikapelekwa stoo, na goti likaendelea na kazi.

Sasa niseme jambo ambalo hakuna aliyeliona, si kamati, si fundi mkuu, si mimi kibandani, si mfalme mwenyewe. Kule kwenye foleni kulikuwa na shule. Aliyewahi kupanda alimfundisha asiyewahi, kaka alimfundisha dada, mtu na asiyemjua: yule mzee akikukaribia, vuta pumzi, jaza tumbo, inua visigino ili mapaja yapande. Akishapita, shusha kila kitu, utapata nafasi ya kupumua. Na walikuwa sahihi. Walipata nafasi ya kupumua, na walipata nafasi ya kuruka pia. Mzee wa watu alikuwa akipigilia goti lake kwenye matumbo ya hewa, kisha ananiinulia gumba kwa majivuno kama aliyefunga goli la ushindi. Alivyozidi kuumiza ndivyo walivyozidi kumdanganya, na walivyozidi kumdanganya ndivyo chuma kilivyozidi kulegea. Mtu mzima, na masharubu yake.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Siku moja mkewe alikuja na wifi yake, yaani dada wa Mzee Kabali, waone kazi ya baba watoto. Walipanga foleni kama watu wengine, wakasomeshwa kama watu wengine. Alipofika kwenye behewa lao, Mzee alitaka pasiwe na wa kusema anapendelea nyumbani kwake, akampigilia mkewe kuliko mtu yeyote siku ile. Mkewe naye alikuwa amevimba kama unga uliotiwa hamira. Gumba likainuka. Nikabonyeza.

Kwenye kilima cha pili nilimwona mama wa watu amesimama. Hakusimama kwa kupenda, treni ilishuka na yeye akabaki juu, chuma kikiwa kimemshika magotini tu. Wifi yake alimdaka mshipi wa gauni kwa mikono miwili, akamng'ang'ania hadi mwisho wa njia, huku akipiga kelele ambazo bado nazisikia. Waliporudi jukwaani, kiatu kimoja cha mama kilikuwa kimepotelea kusikojulikana. Alimpita mumewe kama anavyopita mlingoti wa taa, akaenda zake nyumbani na kiatu kimoja.

Yaliyosemwa huko nyumbani amenisimulia mama mwenyewe, na ameniruhusu niyaandike. Alimngoja mumewe ale ashibe, ndipo akamwambia, "Baba nanii, umenibana vizuri sana. Umebana hewa." Kisha akamweleza shule nzima ya foleni, somo kwa somo. Akamwambia kila mtu anajua, hata wauza maji, isipokuwa yeye. Mtu anayeumizwa, alisema, hutafuta njia ya kumdanganya anayemuumiza, na wewe umewafundisha watu wote wakudanganye, hata mimi niliyekuzalia. Akaongeza kwamba hatakalia tena kiti ambacho mumewe amekifunga, akamtupia shuka kwenye kochi. Starehe ilikuwa huko, si alisema mwenyewe?

Kesho yake tulimwona amekaa kwenye ngazi za jukwaa, kikombe mkononi, hanywi. Nilidhani ataomba radhi aache kazi. Afadhali angeacha, tungepumzika. Akarudi kwenye mabehewa, akajaribu kubembeleza: jamani, tafadhali, msivute pumzi. Nani anamsikiliza mzee mwenye goti kama lile? Walimtazama kwa heshima kubwa na matumbo yao yamejaa.

Wokovu uliletwa na upepo, wala si akili yake, ingawa yeye anasimulia vingine. Kofia ya mnene mmoja ilipeperuka ikatua kichwani kwa bibi wa behewa la nyuma, ikamkaa barabara kana kwamba amepimiwa. Yule mnene aliangua kicheko. Alipocheka tumbo lilishuka, na chuma kikateremka chenyewe bila goti la mtu: tak, tak. Mzee akakitikisa. Kilikuwa kimekaa sawasawa, hakimbani bwana yule na hakimwachii. Bwana mwenyewe hata hakujua.

Ndipo janga jipya likaanza. Mtu anayecheka hawezi kubana pumzi, kwa hiyo Mzee Kabali aliamua kuwachekesha abiria wote, na kwa kuwa hajui utani mwingine wowote, akaanza kuwatukana. Mwanzoni matusi yake yalikuwa mabovu, hata mbuzi asingecheka. Lakini alikaza. Alimkuta mwenye kitambi akamuuliza, "Mzee mwenzangu, hili tumbo umelikatia tiketi, au linapanda bure?" Aliwakuta maharusi wamekumbatiana akamwambia bibi harusi, "Dada, mwachie kidogo apumue, bado hujamzoea." Kwa kijana aliyejifanya haogopi alisema, "Kaka, miwani ya jua ya nini? Huko juu hakuna wa kukuangalia, wote watakuwa wamefumba macho." Kicheko kikitoka tu, kiganja kilikuwa kimeshashuka na chuma. Goti likastaafu mapema kuliko mwenyewe.

Mnadhani uongozi ulishukuru? Karatasi mpya zikaingia kwenye sanduku, safari hii za walionuna, kwa maana wapo watu wanaolipa kiingilio ili wakanune. Meneja wetu wa wakati huo alimwita ofisini akampa onyo kwa kudharau wateja. Akaamuru utani ukome. Badala yake akaleta vitu viwili vya kisasa. Cha kwanza ni sauti laini ya kurekodiwa kwenye spika ikisema, "Mteja wetu mpendwa, tulia." Hakuna mtu duniani aliyewahi kutulia kwa kuambiwa hivyo. Cha pili ni sponji nene zilizobandikwa kwenye kila chuma, rangi ya waridi, kwa ajili ya starehe. Sponji! Mtu anajaza tumbo, chuma kinaegemea sponji, sponji inabonyea treni ikishuka, na nafasi inayobaki unaweza kupitisha mtungi wa maji. Usiku ule ule mvua ilizilowesha, na jukwaa lote likanuka kama tambara la vyombo la mgahawa uliofilisika.

Siku ya kwanza ya sponji, Mzee Kabali alipita behewa kwa behewa, akasukuma, akavuta. Halafu akasimama mikono nyuma. Gumba halikuinuka. Treni ilikaa, abiria wakajaa hewa, foleni ikafika getini, spika ikaendelea kumwambia mteja mpendwa atulie. Meneja alikuja mbio amevaa tai jua la saa sita, jasho linamtiririka, akaniamuru nibonyeze. Nilimjibu kwamba sijaona gumba. Akamgeukia Mzee akaanza kumfokea kwamba kazi yake imeisha leo hii. Mzee alimpa mgongo. Aliwageukia abiria akapaza sauti: "Mtazameni bosi! Tai yake imembana kuliko chuma changu, na wala hasafiri kwenda popote!"

Kilichotokea hapo sijakiona tena. Treni nzima ilicheka, foleni ikacheka, mkata tiketi akaketi chini. Na katikati ya kicheko hicho Mzee alikuwa anakimbia jukwaani, anang'oa sponji kwa mkono mmoja na kushusha chuma kwa mwingine, tak, tak, tak, hadi behewa la mwisho. Gumba likainuka. Nikabonyeza mbele ya macho ya meneja. Treni iliporudi, abiria walishuka wanatembea kwa miguu yao wenyewe, na meneja alikuwa amelegeza tai. Onyo halikufutwa wala halikutajwa tena, na ndivyo ofisi zinavyoomba radhi.

Tangu siku hiyo uongozi umejifunza. Kwa mfano, kuanzia Jumatatu utawasha taa ya kijani itakayotuambia vyuma vyote vimefunga. Ni taa nzuri. Inajua chuma kimeshika jino, haijui tumbo limejaa nini, na sijawahi kusikia taa imemchekesha mtu. Ndiyo maana tumepigania Mzee awe na mrithi mwenye mikono, dada mmoja aliyekuwa akiuza barafu hapa bustanini. Mzee amemfundisha matusi kwa subira. Bado ana adabu mno, ila anajitahidi.

Huyu ndiye mnayemuaga. Mbishi, mwenye majivuno, mwizi wa sukari ya ofisi. Na mwoga pia, maana miaka yote hii amewafungia watu treni asiyoipanda, mara presha, mara mgongo.

Sasa Mzee Kabali, nakugeukia wewe, kwa sababu wasifu huu, kabla ya kuchapwa jaridani, ninausoma kwenye spika ya kibandani na wewe umekaa behewa la kwanza, mahali tulipokukalisha kwa nguvu. Mkeo yuko kushoto kwako. Alikuja kwangu wiki iliyopita akaniambia, "Mume wangu amevimba tangu barua ya kustaafu ije. Hasemi, hacheki, halali. Mtukaneni kidogo, tafadhali." Nasi tumeliona. Mwezi mzima umefunga vyuma kimya kimya, na juzi nimekuona umerudia goti. Umebana pumzi kifuani kama wale wa foleni, ukidhani usipoiachia pumzi hiyo, siku ya leo haitapita.

Mkeo alisema hatakalia tena kiti ulichokifunga wewe. Leo amekaa, kwa kuwa leo hufungi wewe. Muuza barafu amesimama mbele yenu mkono uko kwenye chuma, anangoja, na mimi nangoja gumba lake. Mshike mkeo mshipi wa gauni, ni zamu yako.

Haya, nimekuona. Masharubu yametikisika. Huyo anacheka! Dada, sukuma.

Tak, tak. Kimekaa vizuri, Mzee wetu, hakikubani na hakikuachii. Asante kwa kila aliyerudi jukwaani akiwa mzima. Nenda kapumzike salama na mama watoto, na maisha yawe mema huko nyumbani kwenye kochi. Gumba limeinuka. Nabonyeza.