Elieth na Swali la Kodi Lililoulizwa Jikoni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Elieth, tuliyemzika juma lililopita. Elieth alikuwa mdadisi wa tafiti, yule anayebisha hodi kwako na kukuuliza unaonaje.

Swali lililomponza lilikuwa moja: wenye kipato kikubwa watozwe kodi zaidi ili wasio nacho wapate huduma? Aliliuliza mtaani Ihumwa, akiongozana na mjumbe wa mtaa, kama ilivyo desturi. Mjumbe anakutambulisha. Shida ni kwamba akishakutambulisha haondoki. Anavuta kiti.

Mama Batuli, muuza mboga, alijibu bila kusita, "Watozwe." Halafu akaona mjumbe anamkodolea macho. "Aa, andika tu serikali ndiyo inayojua."

Elieth alichukia. Akasema, "Mama, tuingie jikoni." Mjumbe, na heshima zake, hakuthubutu kuwafuata kwenye moshi. Huko Batuli akamwaga yote. Tangu siku hiyo Elieth aliwahoji kina mama jikoni, machozi yakimtiririka.

Dada yake, Generosa, anakumbuka: "Alikuwa anarudi ananuka moshi mpaka kanga. Nikimwambia pumzika, ananijibu, 'Dada, watu wana maneno yao. Wanataka tu asiwepo wa kuwachunguza.'"

Kampuni iliyomwajiri, jina tunalihifadhi, ikayatupa majibu ya jikoni. Eti si rasmi. Ikamtaka arudie, mjumbe akiwepo. Elieth akakataa. Akaachishwa kazi. Kisha ikatoka ripoti yenye jalada la kung'aa: wakazi wa mtaa ule hawana maoni kuhusu kodi. Hawana maoni, wasikilizaji. Inatia kichefuchefu.

Na msibani bosi wake wa kampuni ile alikuja. Akala pilau, akashika kipaza sauti, akamsifu marehemu kwa utiifu. Utiifu. Generosa anasema, "Niliinuka nikaenda kuosha masufuria. Ningebaki pale ningetapika."

Generosa, na familia yote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nawe unayetusikiliza, tafakari hili. Jana nilimpigia simu Mama Batuli. Akaniuliza, "Mwanangu, ile ripoti inasema mimi nilijibuje?" Nikamwambia ukweli: inasema huna maoni.

"Basi niulize wewe," akasema. "Niulize redioni, na mjumbe asikie."